Fimbo Kwenye Benchi la Hirbadaw

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niwaachie maneno machache kuhusu uuguzi. Kuhusu kuchoma sindano hamnihitaji. Mlifundishwa chuoni na mnachoma vizuri, wagonjwa wanalia kama inavyotakiwa. Mimi nitawaeleza somo ambalo chuo kililisahau, nalo ndilo lililokula nusu ya nguvu zangu. Somo lenyewe ni benchi. Namaanisha lile la nje, la kusubiria, na jinsi watu wazima wenye akili timamu wanavyoliwahi.

Niliripoti zahanati ya Hirbadaw, wilayani Hanang, nikiwa msichana wa Tabora mwenye sanduku la bati na sweta jepesi, maana bwana aliyenipangia kituo alinihakikishia kwamba Hanang ni kama nyumbani tu. Mungu amsamehe, mimi bado najitahidi. Upepo wa asubuhi ukishuka kutoka mlimani unaingia kwenye mifupa na kukaa humo mpaka adhuhuri. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, sukari imerudi madukani na mitumba imejaa mnadani, kwa hiyo wagonjwa wangu walikuja kuugua wakiwa wamevaa makoti mazito ya Ulaya, na mimi mwenye kuwatibu natetemeka. Mganga wa zahanati alinikaribisha, akanionyesha jiko la mchina la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, akaniambia lina tabia ya kuzimika likitazamwa. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la vifaa.

Siku hiyo hiyo nikafungua mlango ili nipokee wagonjwa. Benchi lilikuwa limejaa kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa baraza, ila hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na kikapu, kanga iliyokunjwa, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, sufuria yenye mfuniko, jiwe, na kofia. Wenye vitu walikuwa nyuma ya jengo wanaota jua na kupiga soga. Nikaona huu ni uchafu, nikainama nianze kuvikusanya.

"Wee nesi, wee!" Mtu akanidaka mkono. "Unataka kutuletea vita?"

Huyo alikuwa Mama Paskalina, mhudumu wa zahanati, mwenyeji wa pale, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kufagia na kuchemsha maji. Kazi yake halisi ilikuwa kuzuia vita. Alinikalisha kwenye ngazi akanifundisha, na naapa mwalimu wangu wa anatomia hakuwahi kueleza jambo kwa utaratibu kama ule.

Kanga, alisema, inashika nafasi iwapo mwenyewe yuko mahali anapoweza kusikia akiitwa. Kikapu kina nguvu kuliko kanga, kwa kuwa huenda kina chakula, na mtu hatelekezi chakula. Kiatu kimoja hakina ubishi, maana mwenye kiatu kimoja hawezi kuwa ameenda mbali. Jiwe lazima litambulishwe kwa jirani. "Jiwe ambalo hukumwonyesha mtu ni jiwe tu, nesi. Yako mengi barabarani." Foleni ikisogea, aliye nyuma ya kitu anakisukuma mbele kwa ncha ya vidole, kwa adabu, bila kukifungua. Kitu kikifika mlangoni peke yake, kinarudishwa mwisho, na mwenyewe akija hana haki ya kununa. Ananuna, lakini haki hana.

"Na fimbo?" niliuliza, maana wazee wa kule hawatembei bila fimbo.

"Fimbo ya mzee hiyo usiguse. Anaisogeza mwenyewe, au mzee mwenzake, au mwanawe wa kiume."

"Na ikifika mlangoni na wote hao hawapo?"

"Tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje. Nesi, unauliza sana, jiko linazimika."

Nilicheka sana usiku ule peke yangu, nikaandika nyumbani Tabora kwamba nimepangiwa kutibu sufuria. Baadaye nikazoea. Ukweli ni kwamba utaratibu ule ulifanya kazi. Mtu aliyetembea kutoka bondeni tangu alfajiri hawezi kukaa bila mgongo wa kuegemea mpaka zamu yake ifike, na kikapu hakichoki. Watu walikaa kwa amani kwa sababu kila mtu alijua kanuni na alijua pia nani atamsema akizivunja. Kwa muda mrefu niliamini benchi la Hirbadaw linaongozwa vizuri kuliko wilaya.

Kisha ikaja siku ya mnada, mganga akiwa ameitwa Katesh kwenye semina. Semina zilikuwa zimeanza kushamiri wakati ule. Walikwenda kufundishwa jinsi ya kuhudumia wananchi, na wananchi wakabaki na mimi. Alfajiri aliletwa mama wa kujifungua, mtoto kakaa vibaya, kwa hiyo niliingia chumba cha uzazi kabla hata sijafungua dirisha la dawa. Kila nilipopata mwanya nilichungulia barazani na kuita, "Wa kwanza aingie!"

Hakuingia mtu. Benchi limejaa akina mama na watoto, wote wananitazama, hakuna anayeinuka.

"Jamani, wa kwanza ni nani?"

"Wa kwanza yupo," alijibu mmoja, akaelekeza kwa kidevu.

Pale mlangoni, mahali pa kwanza, ilikuwa imelazwa fimbo. Nyeusi, imesuguliwa kwa mafuta mpaka inang'aa, na kichwa chake mviringo kama ngumi ya mtoto. Nikadhani mwenyewe yuko chooni. Mama wa uzazi akapiga ukelele, nikarudi ndani. Nilipomaliza, kichanga kikalia vizuri, nikamwekea mama yake dripu kwa sababu alikuwa amepoteza damu, nikaining'iniza kwenye msumari pekee uliokuwapo ukutani. Nikanawa, nikatoka tena. Fimbo ilikuwa pale pale na watu walikuwa pale pale.

Ndipo nikamwona. Nyuma ya fimbo kidogo, chini sakafuni, si kwenye benchi, alikuwa amekaa binti mmoja amejifunika shuka mpaka kwenye nyusi. Mapajani alikuwa na mtoto wa kiume, macho yamegeuka, mdomo una povu, mikono inarukaruka. Degedege. Mtoto alikuwa wa moto kiasi kwamba niliusikia ule moto kabla sijamgusa.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Ameanza njiani," alisema kwa sauti ndogo.

"Na umekaa tu hapo? Kwa nini hukuingia?"

Akainamisha kichwa. Akina mama wakanieleza, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Walipomwona anakuja na mtoto wa hali ile, wote walimpisha. Wa mwisho alimpisha, wa katikati alimpisha, mpaka yule wa pili akampisha. Huruma yao ilitembea vizuri benchi zima, ikafika kwenye fimbo ikakoma.

"Ya nani fimbo hii?" nilimuuliza yule binti.

"Ya yule wa kwetu."

"Yule nani? Hana jina?"

Akaziba mdomo kwa shuka. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba ni ya Mzee Tluway, na Mzee Tluway ni baba mkwe wake. Mume wake amejenga mbali, kule juu, na mzee hajui kwamba mjukuu anaumwa. Mkwe wa ukoo ule hatamki jina la baba mkwe, haketi alipoketi yeye, wala hagusi fimbo yake. Akiigusa, nyumba nzima itamwambia amelelewa porini. Kwa hiyo alikaa chini, mwenye adabu kamili, mtoto anamfia mikononi. Mzee mwenyewe aliiweka fimbo mapema kwa ajili ya mgongo wake unaomsumbua, kisha akapita mnadani kidogo kutazama dume la ng'ombe la mtu.

Nilishikwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Nilimkasirikia mzee, nikawakasirikia akina mama, nikaukasirikia na ustaarabu wote uliowahi kubuniwa na binadamu. Nikamtazama Mama Paskalina. Mwalimu wangu akanigeuzia mgongo, akashika ufagio, akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia asubuhi. Nikaelewa. Asiyeona hawezi kuulizwa kitu.

Nikaichukua fimbo. Baraza lote likavuta pumzi. Nikaipitisha kwapani, nikamchukua mtoto, nikamwambia mama yake, "Inuka, zamu yako."

Sindano ya kutuliza degedege ilikuwapo. Kwinini ilikuwapo, na chupa moja ya maji ya sukari ya kuichanganyia. Mshipa niliupata kichwani baada ya kuhangaika. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kutundikia chupa, maana msumari ulishachukuliwa na mama wa uzazi, na stendi yetu ya dripu iliazimwa na wakubwa kwa ajili ya maonyesho, ikapenda huko ilikokwenda. Nikatazama huku na huku. Fimbo bado ilikuwa kwapani kwangu. Haya basi! Nikaifunga kwa bendeji kwenye mguu wa kitanda, nikakaza, nikatundika chupa chini ya kile kichwa cha mviringo. Ilikaa vizuri kabisa. Nimefanya kazi na stendi nyingi za kigeni baadaye, zenye magurudumu, na hazikuwa imara vile.

Mzee Tluway alirejea jua limeshapinduka, ananukia mnada. Nilimsikia kabla ya kumwona.

"Iko wapi fimbo yangu? Nani amekaa mahali pangu?"

Mama Paskalina alikuwa bado anafagia.

Nikatoka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fimbo yangu iko wapi?"

"Imelazwa."

"Imefanyaje?"

"Imelazwa wodini, mzee. Imekuwa ya kwanza kwenye foleni tangu alfajiri, haiongei, haili. Nikaona huyu ni mgonjwa mahututi."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee akavimba. "Wewe msichana, mimi na wewe hatutaniani. Nani aliigusa?"

"Mimi. Karibu uione."

Aliingia kwa kishindo, mkono mbele, tayari kunyakua mali yake. Mkwe wake akageukia ukutani na kujifunika shuka uso mzima. Mzee akaiona fimbo, akafuata kwa macho ile chupa, akaufuata mpira wa dripu, tone kwa tone, mpaka chini kichwani kwa mtoto. Akamtambua. Mkono ukashuka.

"Huyu ni wa kwetu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Amekuja lini?"

"Asubuhi."

"Alikuwa wapi mimi nilipo..." Akasita. "Alikuwa wapi?"

"Nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi? Mimi nilikuwa mnadani."

"Nyuma ya fimbo, mzee."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno mengine makali nimeyapanga tangu mchana, na sikupata nafasi ya kuyatumia. Alisimama tu. Bendeji ilikuwa imeanza kulegea kwa uzito, fimbo ikainama, damu ikarudi kidogo kwenye mpira. Mzee akaona kabla yangu. Akaishika fimbo yake, akainyoosha, na akabaki ameishika. Nikamletea kigoda akakataa. Yule mwenye mgongo mbovu, aliyetaka benchi kuanzia alfajiri, alisimama mpaka chupa ikaisha. Mkwe wake hakugeuka na yeye hakumsemesha, lakini nilimsikia akinong'ona jina la mtoto, "Emanueli, Emanueli." Jioni mtoto akafungua macho akaomba maji. Mzee akatoka nje haraka, akasema moshi wa jiko letu ni mkali. Jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

Aliondoka bila fimbo. "Iacheni hapo," alisema, "mtoto bado anaitumia." Kijiji kizima kilimwona anapanda njia ya kwake mikono mitupu, na kwa mzee wa kule hilo ni sawa na kutembea bila suruali. Hakuja kuidai. Ilitundika dripu Hirbadaw kwa miaka, na wagonjwa wakiiona walikuwa wanaisalimia. Msidhani dunia ilipona, lakini. Fimbo ziliacha kulazwa kwenye benchi letu, ni kweli, ila mwezi uliofuata mtu aliwahi nafasi kwa redio, tena ikiwa imewashwa.

Baadaye nikawekwa kwenye gari la chanjo, tukawa tunateremka mpaka Yaeda Chini kwa njia ambazo dereva alizifahamu kwa maumivu ya kiuno. Kule nilipanga mistari kwa mawe, mtaalamu mimi, niliyehitimu kwa Mama Paskalina. Watu wakayatazama mawe yangu, wakaketi popote penye kivuli, kisha wakamsogeza mbele mtoto aliyekuwa na hali mbaya zaidi, halafu aliyemfuatia. Nikauliza nani alitangulia kufika. Bibi mmoja akaniuliza nataka kujua kwa nini, kwani nakuja kutibu miguu? Nikayarudisha mawe garini.

Nikahamia Katesh, hospitali, na huko ndiko maendeleo yalikonikuta. Benchi liliondolewa, vikaja viti vya plastiki, na mkuu mmoja kijana akaleta vibao vya namba ili kukomesha, alisema, desturi za kizamani. Nilimpigia makofi. Wiki haikuisha familia zikawa zinatuma mtu mmoja kuchukua vibao vya ukoo. Nilikutana na baba mmoja ameshika namba ya mwanawe, nikamuuliza mgonjwa yuko wapi.

"Yuko shule. Hajaugua bado, lakini juzi alipiga chafya."

Halafu mkoa wa Manyara ukazaliwa, tukapewa wakubwa wapya, na wakubwa wapya wakahitaji mapokezi. Ndipo nilipogundua kwamba wanakijiji wa Hirbadaw walikuwa waungwana. Kwenye sherehe, viti vya mbele huwahiwa kwa koti. Dereva anatangulia, analitandika koti la bosi kwenye sofa, na tunalisimamia tukiimba. Nimewahi kuona risala nzima ikisomwa mbele ya koti. Liliisikiliza vizuri, halikusinzia hata mara moja, na kwa hilo lilimshinda mwenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu siku mliyoniaga, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa jikoni mnagombania mapaja ya kuku. Turubai lilipendeza, asanteni. Nilifika na gauni langu jipya, nikatafuta pa kukaa. Kiti cha kwanza kilikuwa na koti la mgeni rasmi. Cha pili kilikuwa na koti la mtu aliyefuatana na mgeni rasmi. Kingine chupa ya maji, kingine miwani, kingine simu iliyokuwa inaita na hakuna anayethubutu kuipokea. Nikasimama pembeni, mimi ninayeagwa, nikashikwa na uchungu kweli. Nilijiambia, Mwajuma, umewapangia watu foleni maisha yako yote, na leo huna hata kiatu kimoja cha kuweka.

Halafu nikaona kiti kimoja katikati ya safu ya mbele. Watu walikuwa wanakikwepa, hata yule dereva mwenye makoti alikizunguka. Juu yake ilikuwa imelazwa fimbo nyeusi, kichwa mviringo, na shingoni bado ina alama ya kamba za dripu.

Nilisikia kwamba Hirbadaw walipopata stendi ya chuma walimrudishia mzee fimbo yake, na nilisikia pia alipofariki. Nikasimama mbele ya kile kiti. Naapa sikuweza kuigusa. Ile siku niliibeba kwapani kama kuni, na sasa mikono ilikataa.

Mama mmoja akainuka safu ya nyuma, amejitanda shuka, nywele zimeanza mvi. Pembeni yake kijana mrefu, ana ndevu. Sikuhitaji kuambiwa.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, Mama Emanueli."

"Yule wa kwetu alisema kabla hajaondoka kwamba hii niishike mimi," alisema. Bado hakutamka jina, na mzee yuko kaburini. "Nimekuja nayo mapema. Nilijua hawa watakumalizia viti."

Akainama, akaishika ile fimbo kwa mikono yote miwili, akaiinua mbele ya watu wote.

"Kaa, nesi," akasema. "Zamu yako."